Kitu Peke Yake na Kitu Mahali Pake

Watu wakiulizwa tabia ya kitu, hujibu upesi. Husema chuma ni kizito, maji ni baridi, waya huu hupeleka sauti mbali. Ni wachache wanaotangulia kuuliza: kizito wapi, baridi lini, mbali juu ya nini? Hunena kana kwamba kila kitu kimetia tabia zake mfukoni, nacho huenda nazo kila kiendako bila ya kuzidi wala kupungua. Mazoea haya yana manufaa, maana mtu asiyethubutu kusema neno mpaka ayataje mazingira yote ya ulimwengu hatasema neno kamwe. Lakini yana hatari pia, na hatari hiyo ndiyo nipendayo tuitazame, ewe msomaji, kwa njia ya kitu kimoja kidogo: antena ya redio, na programu ya tarakilishi inayoikadiria kabla haijatundikwa.

Sikuchagua kitu hiki kwa sababu ni cha ajabu kuliko vingine. Nimekichagua kwa sababu ndani yake swali ambalo wanafalsafa wamebishania kwa karne nyingi limefanywa kuwa kitufe. Mtu akiisha kuchora waya wake katika programu, huulizwa: je, waya huu uhesabiwe katika uwazi mtupu, au juu ya ardhi? Uwazi mtupu maana yake ni mahali pasipo na udongo chini, wala mti kando, wala paa, wala mlima. Waya peke yake na utupu usio na mwisho kila upande. Hana budi kuchagua, na achaguavyo ndivyo atakavyojibiwa. Waya ni ule ule, urefu ni ule ule, nguvu iliyotiwa ni ile ile, lakini majibu hayafanani hata kidogo. Basi katika majibu hayo mawili, lipi ndilo linalotuambia waya ule ni nini hasa?

Kabla ya kujibu yatupasa kujua hesabu yenyewe hufanywaje. Antena haiumbi nguvu. Hupokea umeme kutoka kwa mtambo na kuutawanya angani kwa sura ya mawimbi, na tofauti baina ya antena na antena ni namna ya kugawa: hii hugawa sawa pande zote, ile hunyima upande mmoja ili ipe mwingine, kama kioo cha kurunzi kinavyounyima mwanga mkono uliokishika ili kuuangaza njia iliyo mbele. Kiasi cha upendeleo huo tutakiita uzidisho, nacho hupimwa kwa desibeli. Programu huukata waya katika vipande vingi vidogo, kisha hutafuta ni mkondo gani wa umeme unaopita katika kila kipande, ikikumbuka kwamba kila kipande huvisumbua vingine vyote na vyote hukisumbua kile kimoja. Namna hiyo ya kuhesabu ilielezwa kwa utaratibu na Roger Harrington wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa maabara ya Livermore, huko California, waliandika programu kubwa kwa mahitaji ya jeshi la nchi yao, nayo ikajulikana kwa jina la NEC. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 1981, likawa huru kwa watu wote. Hesabu ambazo wakati ule zilitaka mtambo wa kujaza chumba, leo hufanywa na tarakilishi ndogo ya shule katika kitambo cha kufumba na kufumbua jicho.

Natuchukue mfano ulio rahisi kuliko yote. Wimbi la masafa ya megahezi 7.1 lina urefu wa mita 42 hivi. Ukikata waya wenye nusu ya urefu huo, yaani karibu mita 20, ukautia umeme katikati na kuulaza mlalo, umepata antena ambayo kila mwanafunzi wa redio huanza nayo. Iulize programu juu ya waya huu katika uwazi mtupu. Itakujibu kwamba umbo la mtawanyo wake ni kama ngata, ile ambayo mama huiweka kichwani apate kujitwika mtungi, na waya umepita katika tundu la ngata hiyo. Kila upande ulio mraba na waya hupata sawasawa, juu, chini, mbele na nyuma. Ncha mbili za waya hazipati kitu. Uzidisho wake ni desibeli 2.15, yaani mara 1.64 ya antena ya kubuni ambayo ingegawa sawa kila mahali. Ukinzani wake katikati ni karibu omu 73. Ni majibu safi, hayana mashaka, nayo yamo katika kila kitabu cha somo hili. Mtu aweza kuyakariri na kudhani amekwisha kuujua waya.

Sasa bonyeza kile kitufe cha pili. Weka ardhi chini ya waya.

Mawimbi yaliyokuwa yakienda chini hayana tena njia. Hugonga ardhi, na sehemu yake hurudi juu, kama sauti inavyorudi kutoka katika ukuta wa mwamba. Hapo mtu aliye mbali hupokea wimbi moja kwa njia mbili: lililokuja moja kwa moja, na lililopitia ardhini. Yakifika kwa mwendo mmoja husaidiana, yakifika kwa mwendo wa kupingana huuana. Lipi litakalokuwa, hutegemea kimo cha waya na pembe ambayo wimbi liliondokea. Lau ardhi ingekuwa kioo kamili cha umeme, mahali pa kusaidiana pangepata nguvu mara nne, ambayo ni desibeli 6 zaidi, na mahali pa kuuana pasingepata chochote.

Tazama yanayoufika waya wetu. Ukiwa katika kimo cha mita 10 na nusu, ambacho ni robo ya urefu wa wimbi, nguvu yake kubwa huelekea utosini, juu kabisa. Upandishe mpaka mita 21, nusu ya wimbi: utosini sasa ni kimya kitupu, na nguvu kubwa imeinama hadi pembe ya digrii 30 juu ya upeo wa macho. Upandishe tena mpaka mita 42, wimbi zima: pale penye digrii 30, palipokuwa na nguvu kuliko pote, sasa hapana kitu, na nguvu imegawanyika mafungu mawili, moja katika digrii 14 na nusu, na jingine karibu na digrii 49. Hata ule ukinzani wa omu 73 hausimami. Waya ukipandishwa huzidi na kupungua, na hauelekei kutulia penye 73 mpaka ardhi iwe mbali sana.

Msomaji, usiipite habari hii haraka. Hatukuongeza waya wala hatukuupunguza. Hatukuupinda. Mtu aliyeusifu kwa kusema kwamba hupeleka mbali alisema kweli juu yake ulipokuwa katika mita 42, na aliyeulaumu kwa kusema kwamba hurusha juu tu alisema kweli ulipokuwa katika mita 10. Kama wangekutana barazani wangegombana mchana kutwa, kila mmoja akiwa na ushahidi wa masikio yake.

Hapa ndipo kijana mwenye akili ya haraka huruka kutoka kosa moja na kuangukia jingine. Husema: kumbe uwazi mtupu ni uongo. Hakuna antena iliyo utupuni. Zote zi juu ya ardhi. Basi na tufute kile kitufe cha kwanza. Mimi sikubaliani naye, kwa sababu zaidi ya moja.

Kwanza si kweli kwamba hakuna antena iliyo utupuni. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Siku hiyo ilikuwa ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilizunguka zaidi ya kilomita 500 juu ya ardhi, na kwa antena zilizo katika chombo cha namna hiyo, ardhi si jirani wa kuzirudishia mawimbi yao. Jirani wao ni mwili wa chombo chenyewe tu. Uwazi mtupu wa vitabuni una mahali pake katika ulimwengu, na mahali pamoja pa kwenda huko palikuwa pwani yetu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kuna jambo ambalo uwazi mtupu waweza kulifichua na ardhi haiwezi. Aliyechora antena katika programu aweza kukosea: vipande vikawa virefu mno, nyaya mbili nene zikakaribiana kupita kiasi, pembe ikawa kali. Programu haitalalamika, itatoa namba nzuri zenye nukta na desimali, nazo ni za uongo. Jaribio la kuigundua hila hiyo ni hili: waya ufanywe kuwa usiopoteza nguvu yoyote, uwekwe katika uwazi mtupu, kisha nguvu yote iliyotoka pande zote ijumlishwe na kulinganishwa na nguvu iliyotiwa. Kwa kuwa hapana kitu cha kuinywa nguvu, iliyotoka lazima iwe sawa na iliyoingia, na jibu liwe 1. Likija 1.2 au 0.8, basi mchoro una kasoro, na kila namba yake ishukiwe. Juu ya ardhi ya kawaida hukumu kama hii haiwezekani, maana udongo hunywa nguvu, na kila upungufu waweza kusingiziwa udongo. Mwenye kosa hupata mahali pa kujificha.

Ndiyo maana mafundi wanaobuni antena ya Yagi, ile yenye fimbo nyingi sambamba tuliyoizoea juu ya mapaa, ambayo asili yake ni kazi ya Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi huko Sendai, Japani, mwaka 1926, hupenda kuipima kwanza katika uwazi mtupu. Hutaka kujua urefu wa fimbo hii na nafasi ya fimbo ile zimeleta nini zenyewe. Ardhi ikiingia mapema mno, sifa zake huchanganyika na sifa za antena, na fundi hajui amshukuru nani.

Nadhani jambo hili lina sura yake katika kuwahukumu watu. Kijana akipata alama kubwa katika mtihani, twapenda kusema ni akili yake. Akipata ndogo, yeye mwenyewe hupenda kusema ni shule yake. Huyu alisoma kwa taa ya umeme na vitabu vya kutosha, yule kwa koroboi na kitabu kimoja kwa watu watano. Ni haki kuitaja ardhi ambayo kila mmoja alisimama juu yake, na asiyeitaja hudhulumu. Lakini mtu anayetaja ardhi tu, katika kila jambo, kwa kila upungufu, amejinyima njia ya kujua lipi ni lake. Hasifiki wala halaumiki. Amekuwa kitu kinachosukumwa. Hizi ni hukumu mbili, na kila moja ina swali lake. Moja yauliza: umefanya nini wewe? Ya pili yauliza: litatokea nini hapa? Ugomvi huzuka pale jibu la swali moja linapopelekwa kwa aliyeuliza jingine.

Hata hivyo, kuna vitu ambavyo swali la kwanza haliviwezi kabisa. Heinrich Hertz, alipoyaonyesha mawimbi ya umeme huko Karlsruhe mwaka 1887 na 1888, alitumia antena yenye mikono miwili iliyolingana, iliyojitosheleza. Miaka michache baadaye, mwaka 1895, Guglielmo Marconi, akijaribu nyumbani kwa baba yake karibu na Bologna, Italia, aliuinua mkono mmoja juu na wa pili akaufunga ardhini. Mawimbi yakavuka umbali ambao hayakuufikia kabla. Tangu hapo kuna ukoo mzima wa antena za wima zenye robo tu ya wimbi, na minara mingi ya redio ya masafa ya kati ni ya ukoo huo au jamaa zake. Nusu ya antena hizo ni chuma kinachoonekana. Nusu ya pili ni ardhi. Juu ya ardhi kamilifu mnara wa robo wimbi una ukinzani wa omu 36 hivi, nusu ya zile 73, kama ambavyo mtu angetazamia kwa kitu kilicho nusu. Uiondoe ardhi, uuache mnara utupuni, kisha uulize tabia yake. Umeuliza nini? Umeondoa nusu ya kitu, halafu wataka kujua kile kitu kikoje. Programu itasita, au itakupa jibu lisilo na maana, na kosa si lake.

Kwa mnara wa namna hiyo, kusema "udongo ni mazingira tu" ni sawa na kusema mguu ni mazingira ya mtu. Mwaka 1937 wataalamu watatu wa Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walitangaza vipimo walivyovifanya kwa kuzika nyaya chini ya mnara, zikitandazwa pande zote kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Nyaya chache ziliacha nguvu nyingi ipotee udongoni. Zilipozidi 100, mnara ulikaribia kabisa ubora wa kitabuni. Tangu hapo wajenzi wa vituo vya utangazaji huzika kilomita nyingi za shaba mahali ambapo hapana msikilizaji atakayeiona.

Na ardhi zenyewe hazilingani. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa kiasi cha simensi 5 kwa mita. Udongo ambao mafundi huuita wa wastani, simensi 0.005, yaani sehemu moja katika elfu. Udongo mkavu wenye mawe hushuka chini ya hapo. Kwa hiyo antena moja ya wima, ikisimamishwa ukingoni mwa maji huko Lamu, hupeleka mawimbi yake chini kabisa, yakiteleza juu ya bahari. Ile ile ikipelekwa bara penye changarawe kavu, mawimbi ya pembe ya chini hunywewa, na mwenyewe hudhani amevunja kitu njiani.

Sasa nije katika jambo lililonifanya niandike habari hii kwa mkazo. Mtu akifungua orodha za bei za antena, ataona namba. Antena moja ya Yagi yenye fimbo tatu imeandikiwa uzidisho wa desibeli 8 hivi. Nyingine, iliyo na fimbo tatu pia, urefu ule ule, imeandikiwa 13. Mnunuzi huona kwamba ya pili ni bora kwa desibeli 5, ambayo ni nguvu mara tatu na zaidi, akafungua mkoba wake. Yawezekana antena hizo ni sawasawa. Wa kwanza alihesabu katika uwazi mtupu, wa pili akahesabu juu ya ardhi, na zile desibeli 5 ni zawadi ya ardhi, ambayo ile ya kwanza nayo ingeipata ikitundikwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, wala si ajabu muuzaji kupenda namba kubwa. Lakini je, amesema uongo?

Fikiri kabla ya kujibu. Namba 13 ni sahihi. Imetoka katika programu njema, na mtu yeyote aweza kuihesabu upya akaipata. Hata neno moja la orodha ile si la uongo. Mimi nasema amedanganya, wala siogopi kulisema, kwa kuwa udanganyifu haukai katika maneno peke yake. Hukaa katika lile ambalo msemaji ajua kwamba msikilizaji ataliamini. Alijua mnunuzi atailinganisha 13 yake na 8 ya jirani. Alijua kwamba mizani ni miwili. Akanyamaza. Ukweli wa namba ulikuwa nguo aliyomvika uongo. Na kosa la mnunuzi, kama ana kosa, ni kwamba aliipokea namba kama ipokewavyo sarafu, bila ya kuuliza imetoka nchi gani. Mtu mwaminifu hulinganisha antena mbili utupuni zote mbili, au juu ya ardhi moja na kimo kimoja zote mbili, na huandika kando ya namba yake alifanya lipi. Ni maneno matatu au manne ya wino. Waliyoyaacha kwa makusudi hawakuyaacha kwa uhaba wa karatasi.

Lakini nisimpendelee yule anayechagua kitufe cha ardhi, nikafanya kana kwamba yeye amekwisha kufika katika ulimwengu halisi. Ardhi ya programu nayo ni ya kubuni. Ni tambarare isiyo na mwisho, yenye udongo wa namna moja tangu juu hata chini, haina mteremko, haina mto, haina ua wa seng'enge wala bweni la mabati. Hali ya ardhi hiyo hufupishwa katika namba mbili, ya upitishaji umeme na ya tabia ya udongo katika uwanja wa umeme, na mara nyingi mtumiaji hubonyeza tu neno "wastani" asijue wastani wa wapi. Kuna na ardhi za daraja mbalimbali. Arnold Sommerfeld, Mjerumani, alitoa mwaka 1909 hesabu ngumu ya wimbi lililo karibu na udongo usio kamili, na programu zilizo bora huifuata. Nyingine, kama ile iliyoitwa MININEC iliyoandikwa katika miaka ya 1980 kwa ajili ya tarakilishi ndogo, zilikata njia: mkondo ndani ya waya ulihesabiwa kana kwamba ardhi ni kioo kamili, na udongo wa kweli ukaletwa baadaye, katika umbo la mtawanyo tu. Kwa waya ulio juu sana, njia hiyo ya mkato haina dhara. Kwa waya mlalo ulio chini ya moja ya tano ya wimbi hivi, nguvu inayonyewa na udongo ulio chini yake haihesabiwi, na antena hupewa sifa isizostahili. Basi yuko aliyechagua ardhi akajidai kwamba ameacha ndoto, kumbe ameingia ndoto nyingine yenye majani.

Turudi kwa ule waya wa mita 20, tuupe kazi. Tuseme chama cha redio cha shule ya Nairobi kimepata kibali kwa mujibu wa sheria, na nguzo zilizopo zina kimo cha mita 6. Mwanafunzi wa kwanza asoma kitabu: desibeli 2.15, ngata, sawasawa kila upande. Aahidi wenzake kwamba watasikika Ulaya. Wa pili apiga hesabu juu ya ardhi, aona kwamba kimo cha mita 6 ni moja ya saba tu ya wimbi, na nguvu karibu yote yaelekea utosini. Atangaza kwamba antena ni mbovu na fedha za waya zimepotea. Wa tatu atazama hesabu ile ile, kisha auliza swali ambalo wale wawili hawakuliuliza: twataka kuzungumza na nani? Akijibiwa kwamba ni shule ya Mombasa, iliyo umbali usiotimia kilomita 500, hufurahi. Wimbi lililorushwa juu kwa pembe kubwa hugonga tabaka la anga linalorudisha mawimbi, likashuka katika umbali wa kadiri hiyo, na katika masafa ya megahezi 7 saa za mchana ndivyo inavyotazamiwa. Waya uliokuwa mwema kitabuni na mbovu juu ya udongo ni mwema tena kwa kazi hii. Kwa kuzungumza na Ulaya, watafute nguzo za mita 21, au wasimamishe antena ya wima.

Wala wa tatu asiwacheke wenzake. Wa kwanza alimpa urefu wa waya, ambao kitabu kiliutoa sahihi. Wa pili alimpa pembe. Yeye aliongeza mtu wa kuzungumza naye.

Linalobaki ni daftari la chama, na hapo ningependa kuona ukurasa wake umeandikwa hivi: antena mlalo, waya wa mita 20; kimo mita 6; masafa megahezi 7.1, jaribio la uwazi mtupu limetoa 1.0, kisha juu ya ardhi ya wastani, kwa hesabu ya Sommerfeld, na chini yake namba zote zilizopatikana. Kwa kuwa udongo wa Januari si udongo wa Mei baada ya mvua za masika, tarehe ya kipimo chenyewe iandikwe pia. Na kando, kwa wino mwingine: bweni lenye paa la mabati, mita 8 upande wa kusini, halimo katika hesabu.